Kiraka cha Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata cheo leo. Mgeuza kurasa!

Kazi mpya ya piano ya mdogo wangu itapigwa kwa mara ya kwanza Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi mkubwa, watu na viatu vyao vya kung'aa. Mpiga piano anataka mtu wa kukaa kushoto kwake amgeuzie karatasi, maana mikono yake yote miwili ina shughuli. Kitinda kanitaja mimi. Nikamwambia noti nilijifunza utotoni nikaishia njiani, wewe ndiye uliyefika. Akasema huhitaji kusoma sana, dada, unahitaji kutazama. Akitikisa kichwa, geuza.

Kutazama nakuweza. Miaka yote hii mapokezi kwa daktari wa meno nimefanya nini kingine? Mgonjwa atakayetoroka namjua kabla hajakaa.

Kitinda, mtunzi. Ulimi wangu bado haujazoea. Kitindamimba huyu huyu aliyekuwa akilala chini ya cherehani ya Mama, kichwa juu ya vipande vya vitambaa, na mashine ikisimama anaamka analia. Mimi kelele ile ilinikosesha usingizi, yeye ilimbembeleza.

Kazi yenyewe kaiita "Mshono". Sijaisikia. Aliiandika huko shuleni kwake, mlango umefungwa, kama mtu anayepikia wageni na hataki kuonjewa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeisikia.

Ngoja nitulie kwanza.

Mazoezi yalikuwa kwenye darasa la muziki la shule anayofundisha Kitinda. Vumbi la chaki, madawati yamesukumwa ukutani, piano katikati. Mpiga piano ni kijana mrefu, mpole, mwenye vidole ambavyo sijawahi kuviona kwa mwanadamu. Nimekwisha mbatiza Vidole, na Kitinda kalidaka jina. Aliniamkia, akanifutia kiti kwa leso yake, akanionyesha pa kushika karatasi: kona ya juu, si ya chini, mkono usipite mbele ya macho yake. Kisha akakaa, akapumua, akaanza.

Mkono wa kushoto ulianzia chini kabisa, taratibu, tu-ku, tu-ku — nikajua ni nini kabla akili haijaniambia. Kanyagio la cherehani. Halafu wa kulia ukaja juu yake, noti ndogo ndogo, kali, zimebanana, zinakimbia mstari mmoja. Zikafika mahali zikapunguza mwendo. Moja. Moja. Zikageuka. Zikakimbia tena. Kona! Fundi akifika kwenye kona hupunguza, huinua mguu wa mashine, hugeuza kitambaa, huendelea. Nimekua nikiisikia hiyo kila siku ya Mungu na haikunijia hata siku moja kwamba kuna muziki ndani yake. Mdogo wangu aliusikia. Nikasahau kugeuza ukurasa. Vidole akatikisa kichwa mara ya pili, kwa adabu, kama anayefukuza nzi.

Katikati kuna mahali anafumua. Noti zile zile zinarudi kinyumenyume, polepole, uzi unachomolewa. Hapo nilitaka kumkumbatia mtu, yeyote.

Halafu mwisho. Mashine inakwenda kasi, kasi ya mtu anayejua anachofanya, inaingia kwenye mzunguko mrefu — na inasimama. Haijafika. Mstari umekatika, mkono wa kulia wa Vidole uko hewani, basi.

Mimi na Kitinda hatukutazamana. Siku ile ya mwaka jana nilikuwa kazini. Yeye alikuwa chumba cha pili, kwenye piano yetu kuukuu, Mama anashona sebuleni, kila mmoja na kelele yake kama siku zote. Yeye ndiye aliyesikia cherehani ikisimama mahali isipostahili kusimama. Akangoja iendelee. Haikuendelea, akaenda kutazama.

Kiharusi. Mkono wa kulia wa Mama umelala tangu siku hiyo, na mguu anauburuta. Maneno yalirudi, yote, na mengine mapya. Cherehani ipo pale pale sebuleni, tumeifunika shuka, na chini ya sindano bado kuna shati la Mjomba. Mkono mmoja umeungwa. Wa pili umeishia nusu ya kwapa. Hakuna mwenye ubavu wa kulitoa.

Sijui Kitinda aliwezaje. Ningekuwa mimi ningeikimbia siku ile maisha yangu yote. Yeye kaikalia, noti kwa noti, hadi ikawa kitu cha kusikilizwa. Namwonea fahari mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 8 Machi

Mjomba kaja leo, na Mjomba hajawahi kuja saa ambayo si ya chakula. Akauliza, huo muziki wa Kitinda una ngoma? Hauna. Una waimbaji? Hauna, Mjomba. Akafikiri. Akasema basi huyo kijana na apige upesi upesi tuwahi kurudi. Tukacheka sote.

Mama hakucheka. Mama kasema, "Na mimi nitakwenda."

Mama hatoki nyumba hii ila kwa daktari. Hataki kuonekana na fimbo. Majirani wakija kumjulia hali anajifanya kalala, wakitoka anauliza wamesema nini.

"Mtanitafutia kiti cha mbele," akasema. "Nimemlea kwa kelele zangu. Na mimi nikasikilize zake."

Furaha niliyoipata sina pa kuiweka! Nikamgeukia Kitinda tufurahi pamoja — kijiko chake kimekwama njiani, uso umempauka kama kaambiwa habari ya msiba. Ndipo nikaelewa. Mama hajui huo muziki ni wa nini. Hajui unasimama wapi.

Jumapili, 10 Machi

Kitinda kabadilisha mwisho.

Kanipigia kwenye piano yetu leo asubuhi, Mama akiwa bafuni na redio yake. Sasa mshono unafika. Unazunguka kwapa lote, unafunga, uzi unakatwa — noti moja juu kabisa, tik — halafu sauti mbili laini za chini, kama mtu anayekunja nguo na kuiweka mezani. Nzuri mno. Nimelia, na mimi si mtu wa machozi ya karibu.

Lakini nikamwuliza kwa nini.

"Dada, nimkalishe Mama kiti cha mbele halafu nimpigie siku yake ile mbele za watu? Mimi si mnyama."

Nikamwambia ule mwisho ndio kazi yenyewe. Akasema najua. Kasema hivyo tu, najua, huku anafunga kifuniko cha piano. Nani atamlaumu? Mimi ningebadilisha siku ile ile ya Ijumaa, chakula kikiwa bado mdomoni.

Jumanne, 12 Machi

Vidole kaupiga mwisho mpya. Akasema ni mzuri. Baada ya muda akasema tena, ni mzuri. Mtu akikusifia kitu mara mbili hivyo, ujue hakimkai rohoni.

Hakubishana lakini. Alisema tu kwamba ule wa kwanza mikono yake imeukariri, umekaa nayo miezi, huu itabidi ausome. Kwa hiyo karatasi iwe safi na iwe mbele yake. Kitinda akasema atamchapia nakala mpya yote. Vidole akaikumbatia nakala yake kifuani! Imejaa maandishi ya penseli, namba za vidole kila mahali, duara, mishale, mahali kajiandikia "pumua" na mahali kajiandikia "usijidai". Akasema hii ndiyo njia yangu ya kurudi nyumbani, dada, msiniondolee.

Basi Kitinda akasema atatia kiraka. Yeye maisha yake ni viraka. Daftari zake zote za muziki zimebandikwa vipande juu ya vipande, na nakala ya Vidole kaishona mwenyewe mgongoni kwa uzi na sindano, na jalada la kadi ngumu mbele na nyuma. Mtoto wa fundi atabaki mtoto wa fundi, hata umpeleke kusoma wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Jioni ya viraka. Gundi ya kawaida ilikunja karatasi, ikatoka imepinda kama sikio. Kitinda nusura alie. Mimi nikapata wazo, na leo najisikia mtu wa maana: kile kitambaa cha gundi ambacho Mama alikuwa akitia ndani ya kola! Kimejaa kwenye droo ya cherehani. Ukikipiga pasi kinashika kama kimezaliwa hapo. Nikakata kipande, nikaweka kati, kiraka juu ya mistari ya mwisho, pasi ya moto wa wastani, leso juu yake, bonyeza, usiburute. Ukurasa umenyooka kama shati la bwana harusi. Nikalifunga daftari papo hapo, bado la moto, nikalilaza chini ya kamusi kubwa ili lisijikunje.

Mama alikuwa anatuangalia kutoka kochi. Akauliza tunapigia pasi nini.

Muziki, Mama.

"Anzeni na upande wa ndani," akasema, akaendelea na redio yake.

Vidole kaja kulichukua. Kalipapasa lile jalada, akasema limekuwa zito kama koti. Kesho hagusi piano. Siku moja kabla ya onyesho anaipumzisha mikono, anatembea tu mjini mikono mfukoni. Kila mtu na dini yake.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi. Nimemsuka Mama. Kachagua gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, la kabla. Vifungo vya mgongoni nimemfunga mimi, na kila kifungo kakitolea maelekezo. Anataka fimbo iachwe nyumbani. Nimemwambia haiachwi. Amenuna. Mjomba kafika na viatu vilivyopakwa rangi hadi kwenye nyayo.

Kitinda hajala kitu. Mimi nimebadilisha viatu mara tatu, na kazi yangu ni kugeuza karatasi tu.

Jumapili, 17 Machi

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote, taratibu, nisije nikayapoteza.

Ukumbi ulijaa. Daktari wangu wa meno alikuja na mkewe, wakanipungia. Mama alikaa mstari wa mbele, upande wa kushoto, fimbo kaificha chini ya kiti, mkono wa kulia kauweka mapajani na wa kushoto juu yake, kama mtu aliyekaa hivyo kwa kupenda. Mjomba kando yake. Kitinda hakukaa. Alisimama nyuma ya pazia la pembeni, namwona viatu tu.

Vidole aliingia, nami nyuma yake, nikitembea kama niliyebeba yai. Alipoinama, na mimi nikainama. Sikupaswa. Watu walicheka kidogo, kwa wema.

Halafu akaanza, na kila kitu kikaondoka. Darasani nilikuwa nimesikia cherehani. Ukumbini, kwenye piano ile kubwa iliyofunguliwa kifuniko, nilisikia chumba kizima: mkasi mezani, Mama akiguna na pini mdomoni, mvua dirishani mteja asipokuja. Sijui vilitoka wapi, noti zilikuwa zile zile. Nikatupa jicho kwa Mama kwenye kona ya kwanza, pale zinapopunguza na kugeuka. Alikuwa kainamisha kichwa upande mmoja. Kisha nikauona mguu wake. Ule mzima, wa kushoto. Unakanyaga! Kisigino, vidole, kisigino, vidole, chini ya gauni la kijani, na wala hakujua kwamba unakanyaga.

Alijua muziki huu ni wa nini, basi. Tangu mwanzo kabisa alijua.

Sehemu ya kufumua iliniua tena. Vidole aliipiga polepole kuliko mazoezi, kila noti kaichomoa kama hataki kukitia kitambaa jeraha. Jasho lilimtiririka sikioni. Kijana huyu ni wa kutunzwa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia kucha zake zikigusa piano, na nikawaza, watu wote hawa wamekuja na hakuna aliyepewa kiti kama changu.

Tukaingia kwenye mwendo wa kasi. Kichwa kikatikisika. Nikashika kona ya juu, nikageuza — na mbele yetu kukawa na kadi ngumu.

Jalada la nyuma. Tupu. Hakuna ukurasa wa mwisho.

Sikuelewa. Nikarudisha, nikageuza tena, jalada. Nikapapasa kwa kidole: karatasi mbili zimeshikana kama moja. Gundi yangu ya kola! Ilivuja pembeni mwa kiraka, nikalifunga daftari la moto, nikalikandamiza na kamusi. Kola kweli kweli. Nikaingiza ukucha, haiachii. Sikuthubutu kumtazama Vidole, nikatazama mikono yake, na mikono haikusimama. Ilikwenda. Ilikuwa inakwenda njia inayoijua, ile iliyokaa nayo miezi, ikaingia kwenye mzunguko mrefu, kasi, kasi — nikajua tunakokwenda, na hapakuwa na wa kuizuia.

Ikasimama.

Mkono wake wa kulia juu, hewani. Kimya. Ukumbi haukujua kama imekwisha. Viatu vya Kitinda nyuma ya pazia vilirudi hatua nyuma.

Na Mama akasema, "Bado mkono mmoja."

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwambia mteja aliyefuata nguo kabla ya siku yake. Mistari yote ya mbele ilisikia. Mjomba, kando yake, akajishika bega.

Sekunde ngapi sijui. Kisha Vidole akateremsha mkono mapajani, na ukumbi ukalipuka. Walisimama! Daktari wa meno alisimama, mkewe alisimama, mstari mzima wa nyuma ulikuwa umesimama. Mama tu ndiye hakusimama, na sijui kama ni kwa ajili ya mguu. Alikuwa anatazama piano, si watu. Kitinda aliitwa jukwaani, akaitwa tena, hakutokea. Nilimkuta korido ya nyuma kakaa sakafuni karibu na ndoo ya mafagio, kajifunika uso.

Nikamweleza habari ya gundi. Akaniangalia. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka hapo hapo.

"Kasema nini? Dada, Mama kasema nini?"

Nikamwambia. Akauliza tena. Nikamwambia tena.

Njiani kurudi Mjomba peke yake ndiye aliyeongea. Alisema kijana anajua kazi, ila kasahau mwisho, na yeye Mjomba hawezi kumlaumu, vitu vingi vile kuvikumbuka. Mama alitazama dirishani hadi nyumbani. Alipofunguliwa vifungo alisema kachoka. Sikuweza kuusoma uso wake, na nyuso ndiyo kazi yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Kazini. Wagonjwa watatu wamenipongeza. Kwa kugeuza kurasa! Daktari anasema hajaacha kuuwaza ule mwisho, kathubutuje mdogo wako kuishia pale. Nikamwambia ni ujasiri. Sikutaja kola.

Nyumbani kimya. Mama anajibu anachoulizwa. Kitinda anapita sebuleni kama anayepita mbele ya mbwa mkali.

Jumatano, 20 Machi

Onyesho la pili ni Jumamosi. Vidole kapiga simu kuuliza swali moja tu: napiga mwisho upi? Kitinda kasema atamwambia. Ameshazitenganisha zile karatasi kwa mvuke wa birika, na kiraka kilitoka kizima. Chini yake mwisho wa kwanza unasomeka, umefifia kidogo. Anatembea nacho kiraka mkononi, chumba hiki chumba kile.

Hatimaye jioni kajikaza, akaenda kupiga magoti mbele ya kochi. Mimi nilikuwa nachambua mchele mezani, sikuinua kichwa, masikio nikayaacha wazi.

Akasema Mama, nisamehe. Sikukusudia uusikie ule, niliubandikia mwingine juu.

Mama akazima redio. Hilo peke yake lilinitisha.

"Usamehewe nini? Umepiga ilivyokuwa. Sijapata kusikia mtu akinisikiliza vile, mimi kelele zangu nilidhani zinawasumbua tu." Akatafuta pumzi. "Kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ulipika mwisho mwingine ukanificha huu. Mmeifunika ile mashine shuka kama maiti. Na mimi mkanifunika hapo hapo. Kila mtu anapita kwa ncha za vidole. Mjomba wenu mwaka mzima hajathubutu kuuliza shati lake, na yule angeuliza chakula hata kaburini."

Kitinda alikuwa analia waziwazi. Mimi mchele nilikuwa nauchambua ule ule uliokwisha chambuliwa. Kaniuma maana kasema kweli, shuka nililitandika mimi kwa mikono yangu, nikalinyoosha na kona.

Kitinda akauliza, basi Jumamosi apige upi?

"Sasa hilo unaniuliza mimi? Mimi nimekushonea nguo miaka yote, nilikuuliza nifunge uzi wapi?"

Akawasha redio.

Namhusudu mama huyu. Namwogopa pia. Kitinda hajaamua, kiraka kiko chini ya mto wake.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika mchana huu huu, hapa mezani, mambo yakiendelea. Daktari kafunga mapema. Nilipofungua mlango wa nyumbani nilikuta shuka limekunjwa juu ya kochi.

Mama kakaa kwenye cherehani.

Hakunisalimia. Alisema sindano imeota kutu, itoe, tia mpya, nitungie uzi. Nikatoa, nikatia, nikatunga, uzi ukapita mara ya nne. Shati la Mjomba lina alama ya kahawia pale sindano iliposimama mwaka mzima. Nikasema nitaifua. Akasema iache.

Akapeleka mkono wa kushoto kule kulia, akalisukuma gurudumu, akaurudisha mbio kushika kitambaa. Mguu wa kushoto ukafanya kazi ya miwili. Mishono michache, akasimama. Imekwenda kombo. Akafumua kwa meno. Akaanza tena. Imekwenda kombo bado, ila kidogo. Akaiacha.

Kitinda katokea mlangoni, kiraka mkononi, kaganda. Vidole naye kafika kufuata daftari lake na jibu lake, kasimama nyuma yake, daftari tayari kwapani, hajui aamkie au asiamkie. Sote tumesimama tunamtazama mwanamke anayeshona.

"Mnanitolea macho ya nini?" Mama kasema bila kugeuka. "Nimezoea kushona huku mtu anapiga piano. Kimya hiki kinanipindishia kazi."

Vidole kamtazama Kitinda. Kitinda kamwonyesha mlango wa chumba cha pili. Nikataka kumfuata nikamgeuzie, Mama kasema wewe kaa, uzi ukikatika nani atatunga? Basi Kitinda kaenda naye. Anageuza mwenyewe.

Piano yetu imelegea noti mbili tatu, na Vidole anaipiga kama ni ile ya ukumbini. Tu-ku, tu-ku. Mama kasikiliza kidogo, kisha kaingia, na haendi naye, ana mwendo wake, mzito, unasimama ovyo. Vidole wala hamngoji. Zinapishana, zinakutana kwenye kona moja, zinapishana tena. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Najilazimisha kutazama karatasi hii nisimtie haya.

Wamepita kwenye kufumua. Mama na yeye alikuwa anafumua, si mahali pale, karibu yake.

Sasa ni ile kasi. Nasikia karatasi ikigeuzwa chumba cha pili, ukurasa wa mwisho, na sijui kama Kitinda kabandika kitu au kabakisha mkononi. Kupitia mlangoni naona kiwiko chake tu. Mama bado yuko nusu ya kwapa. Ulimi kautoa nje pembeni, kama zamani.

Piano imesimama. Pale pale.

Hakuna noti ya juu, hakuna nguo iliyokunjwa. Kimya chumba kile. Kitinda kachungulia mlangoni, nyuma yake Vidole, mikono yake bado iko juu kama kasahau kuishusha.

Cherehani haijasimama. Mama kapunguza mwendo, kafika kwenye kona ya kwapa, mmoja, mmoja, anatafuta kwa mkono wa kushoto lile gurudumu —